Wizi wa mwaloni haumo kwenye daftari la polisi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwanamke wa chanja, zile meza za nguzo na wavu wa chuma za kuanikia dagaa. Naanika na kuuza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika inapotia nanga mitumbwi ya uvuvi, kazi niliyoikuta kwa mama yangu. Naandika kwa sababu nimemsikia tena kiongozi kwenye mkutano wa hadhara akitutangazia kwamba matukio ya uhalifu mjini kwetu yamepungua. Watu walipiga makofi. Sisi wanawake wa mwaloni tuliangaliana, maana wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja alikuwa ameamka na kukuta wavu wa chanja zake umekatwa wote usiku, zimebaki nguzo tupu.

Sisemi kiongozi alidanganya. Alisoma kilichoandikwa. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huwa wanatoa taarifa ya mwaka ya hali ya uhalifu, na ukiipata utaona makosa yamepangwa kwa mafungu: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, dhidi ya maadili ya jamii. Ni kazi nzuri na nchi inaihitaji. Lakini hesabu ile inatoka kwenye majalada ya vituoni. Jambo lisilofika kituoni halimo. Na kwetu Kibirizi, mengi hayafiki.

Tena mji mdogo hauvumilii hesabu pungufu. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Kigoma Ujiji ina watu zaidi ya laki mbili na elfu thelathini. Wataalamu hupima uhalifu kwa kila watu laki moja. Basi matukio kumi yakifichwa hapa kwetu, ni zaidi ya manne katika kila watu laki moja, na picha ya mji imeshageuka. Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni tano, kumi hayo yasingeonekana hata kidogo. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani na kusema Kigoma ni shwari kuliko mahali fulani, mimi naomba kwanza aniambie watu wa Kigoma wanaripoti kiasi gani.

Niseme tunachoibiwa, maana nahofia wengi wanaosoma gazeti hili wakisikia uhalifu wanawaza bunduki. Bunduki zipo, na wavuvi wetu wamewahi kuporwa injini katikati ya ziwa na watu wenye silaha, hilo ni balaa la peke yake na vyombo vya ulinzi vinalijua. Ninalosema mimi ni wizi wa kila siku. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa hivi mitumbwi mingi inatumia taa za betri, na betri ile inachajiwa mchana kwa sola au kwa watu wenye umeme. Betri mpya ni laki na ushee. Ikiibiwa, mwizi haendi kuiuza kama betri. Anaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, inatupwa kwenye mzani, inapimwa kwa kilo, anaondoka na elfu ishirini au pungufu. Mwenye mtumbwi usiku ule haendi ziwani, na wavuvi wake hawaendi, na mimi asubuhi sina dagaa wa kununua. Wavu wa chanja nao unaondoka hivyohivyo, na masufuria, na dira za maji, na vipande vya nondo vya mtu anayejenga polepole. Vyote vinakwenda kwenye mizani ileile.

Kwa nini haturipoti? Nitatoa mfano wa jirani yangu wa chanja, mjane anayemiliki mtumbwi mmoja alioachiwa na marehemu mumewe. Aliibiwa betri mbili usiku mmoja. Alfajiri alipanda bodaboda kwenda kituo kimoja hapa mjini. Akaambiwa asubiri mhusika. Mhusika alipofika akamwuliza, “Unamshuku nani?” Akajibu hamshuku mtu. Akaambiwa basi akatafute, akishampata awaite, gari lenyewe halina mafuta. RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, alipewa, simkosei haki aliyempa, lakini ilikuwa saa saba mchana. Sasa asiyejua kazi yetu haoni hasara iko wapi. Dagaa wabichi wanaonunuliwa alfajiri lazima wamwagwe juu ya chanja jua likiwa bado changa, wageuzwe, watenganishwe wasishikane. Ukichelewa wanalainika, matumbo yanapasuka, rangi ya fedha inaondoka wanakuwa wekundu, na kuanzia hapo si dagaa wa mtu kula tena, anakuja mwenye chakula cha kuku anakupangia bei yeye. Jirani yangu siku ile alipoteza betri, nauli, na mzigo wote wa dagaa aliowaacha kwenye mabeseni. Toka hapo ameibiwa tena taa, na hakwenda kokote. Mtu gani mwenye akili timamu angekwenda?

Kuna sababu nyingine, na hii ni yetu wenyewe wananchi. Mji wetu ni mdogo. Kijana aliyeiba unamjua, umemlea, mama yake mnaanika naye chanja kwa chanja. Wazee wanaitwa, mnakaa kwenye kibaraza, mama mtu analia, mnakubaliana alipe nusu kidogokidogo. Kwa sufuria sina ugomvi na utaratibu huo, umetulinda miaka mingi na unawaacha majirani wakiwa majirani. Lakini umevuka mpaka. Sasa hivi hata msichana akiharibiwa, wanaume wa pande mbili wanakaa kibarazani vilevile, wanataja kiasi cha pesa, wanaita ni kulinda heshima ya familia. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, limewekwa kwa ajili ya watoto kama hao, na yule binti hakuwahi kuulizwa kama anataka kwenda. Mficha uchi hazai. Makosa ya namna hiyo yakikosekana kwenye takwimu za mkoa, asije mtu akatupongeza kwa maadili.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwaka huu, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika, kijana mmoja alikamatwa mwaloni alfajiri na betri ndani ya kiroba. Aliiba, hilo halina ubishi. Mwenye betri alikuwa ameipaka mfuniko rangi nyekundu ili aitambue, na kijana alikuwa ameshaanza kuikwangua kwa kisu, rangi imemjaa kwenye kucha. Wakaanza kumpiga. Makofi kwanza, kisha makasia, kisha mtu akapaza sauti aletewe petroli, na petroli mwaloni haitafutwi mbali, kila boti ya injini ina dumu lake. Wanawake tulikaa chini mchangani tukamzunguka. Mama mmoja alimfunika kwa kanga yake na kumlalia mgongoni, akiwaambia wanaume, “Mwageni basi na juu yangu.” Tulipiga kelele mpaka mwenyekiti wa mtaa akafika na watu wawili wa BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia mwalo, wakamtoa.

Muda wote huo, anayenunua betri alikuwa amesimama palepale, mikono mfukoni, anatazama. Vijana wote wa mwaloni wanamjua na wanajua anachonunua. Hakuna aliyemgusa wala kumuuliza neno.

Kijana alipoteza jicho moja. Mwenye betri alichukua betri yake akaenda zake, hakuona haja ya kushtaki kwa kuwa mali ameipata. Mama wa kijana hakushtaki kwa aibu. Waliopiga hawakuulizwa na mtu. Asubuhi moja, mahali pamoja, watu zaidi ya mia wakishuhudia, palitendeka wizi, palitendeka kujeruhi, na nusura pachomwe mtu moto akiwa hai. Halikufunguliwa hata jalada moja. Siku hiyo nayo imehesabiwa kuwa Kibirizi palikuwa salama.

Ndugu zangu wanaume wa mwaloni wameninunia tangu siku ile, kwamba tunawatetea wezi. Nawajibu hapa hadharani. Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, na haikuandikwa isipokuwa mwizi wa betri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia yeyote kumkamata anayemwona akitenda kosa, mradi amkabidhi polisi bila kumchelewesha. Kumkamata mlikuwa na haki. Makasia hamkuwa na haki nayo, na petroli ni mauaji. Tena hamkufika hata kwa anayezinunua betri hizo.

Najua watajibu kwamba mwizi akipelekwa asubuhi, jioni yuko mtaani anakucheka. Hilo linauma, nakubali. Lakini dhamana ni haki ya mtuhumiwa, si kuachiwa huru, kesi inabaki. Kesi zetu zinafia mbele ya safari. Inapigwa kalenda leo, inapigwa kalenda mwezi ujao, mlalamikaji ni mvuvi aliyekesha ziwani au mama mwenye dagaa chanjani, anachoka, haendi, shahidi haendi, hakimu hana la kufanya, anaifuta. Hapo ndipo mwizi anapotoka kweli. Kama mahakama ya mwanzo ingepanga mashauri ya watu wa mwaloni yasikilizwe alasiri, baada ya dagaa kuanuliwa, wangeona mashahidi wanavyojaa.

Kuna jambo jingine linaloharibu ulinzi wetu, nalo ni kila kitu kuwasukumia wageni. Kikipotea kitu Kigoma, neno la kwanza ni Warundi, la pili ni Wakongo. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa vipindi virefu, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu iko tangu 1996, na humo kama popote hawakosekani watu wabaya. Lakini mimi bibi yangu mzaa mama alizaliwa Uvira, Kongo, nusu ya Ujiji ina ndugu ng'ambo ya ziwa, na ziwa hili lilikuwa njia yetu kabla mipaka haijachorwa. Yule kijana wa betri alizaliwa hapahapa, kadi yake ya kliniki ilitoka zahanati ya hapahapa. Anayenunua ni wa hapahapa na ana kibanda kinachojulikana. Ukisema Warundi, umempa mnunuzi nafasi ya kupakia mzigo wake kwenye lori kwa amani.

Kwa maoni yangu, mnunuzi ndiye mzizi. Kijana haibi betri ili akae nayo. Angekosa pa kuipeleka kabla jua halijachomoza, angeiacha mtumbwini. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kosa kamili na lina kifungo chake, lakini mwaloni kwetu sijaona mnunuzi akishikwa. Biashara ya chuma chakavu ni halali na inalisha watu, siombi ifungwe. Naomba kila kibanda cha vyuma chakavu hapa mjini kiwe na daftari: jina la muuzaji, namba yake ya NIDA, simu yake, ameleta nini, siku gani na saa ngapi. Naomba pia betri, injini, wavu wa chuma na dira za maji visivunjwe wala kupakiwa lori mpaka siku chache zipite, ili aliyeibiwa apate muda wa kuzunguka kuangalia. Na isinunuliwe betri usiku. Mnunuzi safi hatapungukiwa chochote. Manispaa ndiyo inayotoa leseni za biashara, basi sharti hilo iliweke humo humo.

Wezi wa simu nao nisiwasahau, ingawa hao wameanza kubanwa. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na simu iliyoibiwa inaweza kufungiwa kwa namba yake ya utambulisho, ile unayoipata kwa kubonyeza *#06#. Lakini ufungiwe simu lazima uwe na RB, na tunarudi palepale, kwenye bodaboda na dagaa wanaoharibika. Matapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii” wenzangu wengi sasa wanajua kuwapeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Halafu kuna kipindi ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Naunga mkono kulipumzisha ziwa, dagaa walikuwa wamekwisha na migebuka ndiyo kabisa. Ila mvuvi wa kulipwa hana akiba ya miezi mitatu, na mtaani kwetu miezi ile kuku walikuwa wanaondoka bandani, nguo zinaondoka kwenye kamba, na vijana ambao sijawahi kuwaona wakikaa bure walikaa bure kuanzia asubuhi. Wanaopanga tarehe za kufunga ziwa wangepanga na ulinzi wa mitaa ya kandokando ya ziwa kwa tarehe hizohizo, na kama kuna barabara au mitaro ya manispaa ya kuchimbwa, ichimbwe miezi hiyo kwa mikono ya vijana hao.

Kuhusu ulinzi shirikishi, tumeimbiwa tangu enzi za Said Mwema akiwa IGP, yaani Mkuu wa Jeshi la Polisi, na sipingi. Majirani zetu wa Tabora na Shinyanga walianzisha sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa mifugo, na wizi ulipungua kweli. Lakini pia walipiga watu mpaka wengine wakafa, kwa sababu hapakuwa na karatasi wala wa kuwauliza. Kwetu kila nyumba inatozwa pesa ya ulinzi kila mwezi. Hatupewi stakabadhi. Vijana wa doria hawana vitambulisho, tochi wanazo za simu zao, na wengine tunawafahamu kwa mambo yasiyohusiana na ulinzi. Mtaa usome mapato na matumizi ya pesa hiyo kwenye mkutano, na majina ya walinzi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata yakiwa yamepitishwa na polisi.

Wasomaji wasio wa hapa wajue pia tunavyotembea. Mitumbwi inapiga nanga kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na anayewahi ndiye anayepata dagaa wazuri. Kwa hiyo saa kumi, giza bado, wanawake tunashuka kwenda mwaloni tukiwa na pesa taslimu zilizofungwa kwenye pindo la kanga, kwa sababu mvuvi hauzi kwa maneno. Tunasubiriana njiani, hatushuki mmojammoja. Kipande kibaya ni kile cha kabla ya kufika kwenye vibanda, taa za barabarani zilizowekwa pale zimezimika na moja nguzo yake imeondoka kabisa, mnajua ilikokwenda. Wanaotupora pale hawana bunduki, wana panga moja na wanajua saa yetu. Askari wawili kwenye kipande hicho kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili wangetutosha. Sijawahi kusikia doria ikipangwa kwa saa za wanawake wa dagaa.

Polisi wameweka wakaguzi wa kata, na kwangu huo ndio mpango bora kuliko yote niliyoishuhudia, kwa sababu umemleta askari mahali ambapo mtu anafika kwa miguu. Ombi langu kwa wakubwa wa jeshi hilo hapa mkoani ni mkaguzi wetu apewe meza mwaloni, kwenye jengo la BMU, asubuhi za kazi. Achukue maelezo palepale, RB itolewe palepale, mama arudi chanjani kabla dagaa hawajalainika. Najua nini kitatokea miezi ya kwanza: takwimu za Kibirizi zitapanda, na zitapanda sana. Wakubwa wasimwadhibu mkaguzi kwa hilo wala wasimhamishe. Itakuwa si kwamba wezi wameongezeka.

Wakati tukisubiri, wanawake wa chanja tumenunua daftari la kaunta. Kila anayeibiwa anaandika siku, kitu, alama ya kitu, na kama alikwenda kituoni au hakwenda na kwa nini. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mwanangu aliye sekondari. Kurasa zilizokwisha kujaa tumezitoa nakala, moja tumempa mtendaji wa kata na nyingine mwenyekiti wa mtaa, wote wamesaini kupokea. Tunaomba majibu yao kwa maandishi kabla ya mkutano ujao wa mtaa, na kwenye mkutano huo kurasa hizo zisomwe kwa sauti, baada ya takwimu za polisi.

Mama wa chanja,
Kibirizi, Kigoma.